Redio ya Nyumbani kwa Fundi

Waandishi wakinijia na vidaftari vyao kuniuliza mdogo wangu alianzaje muziki, huwa naona wamekwisha kuandika jibu kabla sijafungua mdomo. Wanataka niseme alizaliwa na kipaji, kwamba alianza kuimba kabla ya kutembea, kwamba Mama alimwombea. Mama alimwombea kweli, lakini Mama alituombea sote wawili, na mimi mpaka leo nikiimba bafuni watu wananigongea mlango. Jibu la kweli ni mkanda wa mpira, mwembamba, wa kutosha kuzunguka kidole gumba mara mbili. Nikisema hivyo wanacheka kwa adabu na kufunga daftari. Basi leo naeleza mwenyewe, na asiyetaka asisikilize.

Mimi ni fundi redio, na kazi naijua. Kibanda changu kiko kwenye kona, mkabala na duka la viatu. Kina meza moja, taa ya kuinamia, na rafu tatu za redio za watu, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe na ugonjwa wake: hii haishiki stesheni, hii inanguruma, hii imemwagiwa chai. Nimetengeneza redio ambazo mafundi wenzangu walishazikatia tamaa. Ukiniletea leo, keshokutwa inaongea. Sasa niulizeni redio ya nyumbani kwetu ilikuwa na hali gani.

Ilikuwa mbovu, ulitegemea nini? Ilikuwa redio kaseti ya marehemu Baba, nyeusi, mpini wake umefungwa kwa waya. Upande wa redio ulikufa zamani, ukabaki upande wa kaseti tu. Na huko ndani, ule mkanda wa mpira unaochukua nguvu kwenye mota na kuizungusha kaseti ulikuwa umelegea. Mkanda ukilegea, kaseti inazunguka polepole na sauti inashuka. Mwanamume anaimba kama ana mafua, mwanamke anaimba kama mwanamume. Kuubadilisha ni kazi ya robo saa. Mama alikuwa akiniambia, "Mwanangu, na hii yetu itazame basi," nami namjibu, "Kesho, Mama." Kesho hiyo ilichukua miaka tisa.

Msinione mzembe. Kwanza, mpira haulegei kwa siku moja. Unalegea kidogo kidogo, na sikio nalo linazoea kidogo kidogo, mpaka ukiulizwa utaapa kwamba redio ni nzima. Pili, hatukuwa na cha kulinganishia. Baba alituachia kaseti kumi na moja za bendi za zamani, nyimbo ambazo hakuna stesheni iliyokuwa ikizipiga tena. Kwetu nyimbo hizo zilikuwa vile zilivyotoka kwenye spika ile, basi. Tatu, sina ya tatu. Nilikuwa mzembe.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi Baba alipofariki. Akakulia chini ya redio hiyo, akizishika zile nyimbo neno kwa neno. Alipotimiza kumi na minane akapata kazi ya kupiga pasi kwa dobi. Chumba chenyewe hakina dirisha la maana, mvuke umejaa, mashati ya watu yamening'inia kwenye waya juu ya kichwa. Humo aliimba kutwa. Wateja wanakuja kuchukua suruali, wanasahau kuondoka. Mwenye duka, mama mmoja mkali wa maneno, alisema angeshamfukuza kwa kelele, ila kola zake zilisimama vizuri kuliko za mtu yeyote. Akiimba, pasi inakwenda kwa mwendo wa wimbo, taratibu, haiachi mkunjo.

Lakini pasi hakuitaka. Alitaka kusimama mbele ya bendi, aitwe mwimbaji, hiyo ndiyo iwe kazi yake. Aliniambia mimi peke yangu. "Kaka, nikifika miaka ishirini bado niko na pasi, najua nitazeeka nayo mkononi." Sikumcheka. Nilikuwa namwona asubuhi anavyofunga ile aproni, anaifunga kama mtu anayejifunga mwenyewe.

Siku moja habari ikaja. Kulikuwa na bendi iliyopiga Jumamosi na Jumapili mchana kwenye ukumbi wa hoteli, nyuma ya soko, na mwimbaji wao wa kike alikuwa amewakimbia. Wanatafuta mwingine. Na wanachopiga ni nyimbo za zamani, zilezile za kaseti za Baba. Mdogo wangu alikuja kunieleza mbio, aproni bado iko kiunoni. Kaseti kumi na moja anazo kichwani, kila neno, kila pumzi. Nani angemshinda?

Jumapili asubuhi nikavaa shati alilolipiga pasi yeye mwenyewe, nikamsindikiza. Njiani nilishajipa cheo cha meneja.

Ukumbini viti vya plastiki vilikuwa vimepandishwa kimoja juu ya kingine, sakafu imetoka kupigwa deki. Kiongozi wa bendi alikuwa mpiga gitaa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wote walimwita Mwalimu, kwa sababu kabla ya gitaa alifundisha hesabu. Nyuma yake alikaa mpiga ngoma, mtu mwenye maneno mengi, yule wa kwanza kucheka na wa mwisho kunyamaza ndiye yeye.

"Utatuimbia nini, binti?" Mwalimu akauliza.

Akamtajia wimbo wa mwanamke anayemfungia mumewe mizigo. Mwanamke huyo anakunja nguo moja moja, na kila nguo ana neno la kuiambia. Mwalimu akatabasamu. "Huo tukiupiga hakuna anayebaki kwenye kiti." Nikamwona mdogo wangu anashangaa kidogo. Kwetu wimbo ule hakuna aliyewahi kuuinukia.

Wakaanza. Jamani, walianza kama watu wanaowahi basi. Gitaa liko juu, ngoma zinakimbia. Mdogo wangu akafunga macho, akaingia pale alipozoea kuingia, chini na polepole, na bendi ikawa imeshampita. Mwalimu akasimamisha. Mara ya pili akajaribu kuwakimbilia, maneno yakamjaa mdomoni, sauti ikakwama njiani. Mara ya tatu hakuingia kabisa. Alisimama na maikrofoni mkononi akiwatazama.

"Dada Taratibu," mpiga ngoma akasema, "sisi wimbo tunaumaliza leo. Wewe utatukuta kesho?" Wenzake wakacheka mpaka mpiga besi akalazimika kushika ukuta.

Mwalimu hakucheka. "Asante, binti. Sauti unayo. Sikio ndilo sijui. Tunachagua Jumamosi, tukikuhitaji tutakuita." Kila mtu anajua maana ya tukikuhitaji tutakuita.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Gitaa lilipolia tu nilijua, maana kujua ndiyo kazi yangu. Ule ndio ulikuwa mwendo halisi wa wimbo. Mkanda wa nyumbani umelegea, na mtu wa kuubadilisha ni mimi.

Tulipotoka, pale kwenye ngazi, akanishika mkono. "Kaka, ni mimi au ni wao?"

Ningemwambia palepale. Ni maneno matatu, manne. Lakini mimi ndiye fundi, mimi ndiye kaka mkubwa, na nimeingia mle ndani kifua mbele. Nikatazama viatu vyangu nikasema, "Labda ni wewe." Katika maisha yangu nimesema uongo mwingi kwa wateja, redio itakuwa tayari kesho na nini, lakini huo ndio ninaouonea aibu.

Akaacha kuimba. Jumatatu mwenye duka la dobi alikuja kibandani kuniuliza kama binti anaumwa, kola zimeanza kutoka na mikunjo. Nyumbani anaosha vyombo kimya. Mama akiweka kaseti, yeye anatoka nje, anakwenda kuketi kwenye ngazi ya jirani.

Jumatano nikafanya kile tunachofanya mafundi tukishindwa kuomba radhi, nikatengeneza. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikaifungua redio, nikauvuta ule mkanda wa zamani, ukakatika mkononi kwa ukavu. Nikautupa, nikatia mpya. Hesabu zangu zilikuwa za kijinga: atausikia mwendo halisi, atajifunza upya, yataisha bila mtu kugundua chochote.

Jioni Mama akabonyeza. Wimbo wa mizigo ukatoka unarukaruka. Mama akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Hawa kina nani? Nani kabadilisha kaseti ya marehemu?"

Mdogo wangu alikuwa anakung'uta shuka mlangoni. Akasimama nalo hivyohivyo, akasikiliza ubeti mzima. Kisha akaitazama redio, akanitazama na mimi.

"Umeitengeneza lini?"

"Leo."

"Kwa hiyo ilikuwa mbovu."

"Mkanda tu."

"Na Jumapili ukumbini ulikuwa unajua."

Nikaanza kukusanya bisibisi zangu.

"Nilikuuliza pale kwenye ngazi," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Siku tatu hizi najiona mimi ni kiziwi. Najiambia sauti nimepewa, sikio nimenyimwa, niridhike na pasi yangu. Umeniumiza, kaka. Wale walinicheka, sawa, hawanijui. Wewe unanijua."

Mama alirudi jikoni na mwiko wake. Chakula cha jioni hiyo tulikula kila mtu na sahani yake, kila mtu na pembe yake.

Alhamisi hakunisalimia. Ijumaa mchana akaja kibandani, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaiweka redio kaseti mezani kwangu.

"Irudishe ilivyokuwa."

"Sasa hivi ndiyo nzima. Wimbo ndivyo ulivyo."

"Huo ni wao. Wangu ni ule mwingine. Kesho naupeleka kwa Mwalimu, anipigie huohuo, akinikataa anikatae nikiwa nimeimba."

"Mkanda wenyewe ulikatika. Nimeutupa."

"Wewe si fundi?"

Hebu niwaeleze nilivyobanwa. Maisha yangu yote watu wananiletea kibovu nikifanye kizima. Hakuna aliyewahi kuniletea kizima nikiharibu, tena nikiharibu kwa kipimo, si zaidi, si pungufu. Mota nyingine zina skrubu ndogo ya kupunguza mwendo. Ya kwetu ilikuwa imeliwa na kutu, ukiigusa inamomonyoka. Njia ikawa moja tu, kuulegeza mkanda mpya mpaka ufikie ubovu wa ule mkanda marehemu. Mwenzake alichukua miaka tisa, mimi nina mchana mmoja. Nikachemsha maji, nikauchovya, nikauning'iniza kwenye msumari na koleo limefungwa chini yake. Halafu nikakwama. Nitajuaje nimefika? Ule wa zamani haupo, na kipimo kingine hakuna.

"Imba," nikamwambia.

"Niimbe nini?"

"Mstari wa kwanza. Kama ulivyouzoea."

Akaimba. Nikatia mkanda, nikawasha kaseti, ikawa juu ya sauti yake. Nikauvua, nikaurudisha majini, nikaongeza bisibisi kwenye koleo ili uzito uzidi. Akaimba tena. Kaseti bado iko juu. Mwenye redio ya chai akaja kuulizia mali yake, nikamwambia asubiri, akakaa juu ya ndoo akasubiri. Mara ya nne, mara ya sita. Mara ya saba nikapitiliza, kaseti ikanguruma chini kabisa, ikabidi nichukue mkanda mwingine nianze upya. Kila nilipowasha, kaseti ilikuwa mahali pengine. Yeye hakusogea. Hakutafuta wala hakubahatisha. Alifungua mdomo, na sauti ilikuwa palepale ilipokuwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoelewa ninafanya nini. Nilikuwa napimia redio kwenye sikio la mtu niliyemwambia labda sikio lake ni bovu.

Mara ya kumi na moja nikawasha, na kaseti ikaingia ndani ya sauti yake. Sikuweza tena kusema hii ni hii na ile ni ile. Mwenye redio ya chai akasimama kutoka kwenye ndoo. Mimi nikainamia meza nikijifanya natafuta skrubu.

"Kaka, unalia?"

"Moshi wa kuchomelea."

Hakukuwa na kitu kinachochomelewa. Akanisubiri. Nikafuta macho kwa kile kitambaa cha grisi, nikasema, "Jumapili ile hukukosea wewe. Nilikosea mimi, tangu zamani, na nikakuachia ulibebe kosa langu."

"Najua," akasema. "Nilitaka uniambie."

Jumamosi asubuhi tulikuta wanawake wengine wawili wanangoja zamu, wamependeza haswa. Mpiga ngoma alipotuona akainua vijiti. "Dada Taratibu kafika. Leo kaja na redio."

"Nimefika," mdogo wangu akasema, "kaa vizuri." Akaiweka redio kaseti jukwaani, mbele ya miguu ya Mwalimu. "Mwalimu, mimi nimelelewa na redio mbovu. Wimbo wenu siujui, wangu ni huu. Usikilize mara moja, halafu nifukuze."

Akabonyeza. Mwalimu akainamisha kichwa. Baada ya muda akashika gitaa, akatafuta sauti ile kwenye nyuzi, akapanda, akashuka, akaikosa. "Haipo," akasema, kama anazungumza peke yake. "Imekaa katikati ya sauti mbili." Nilidhani ndiyo basi tena. Lakini mtu aliyefundisha hesabu haachi swali bila jibu. Akaanza kulegeza nyuzi za gitaa, moja moja, akisikiliza kaseti, mpaka zote sita zikashuka kuifuata redio yetu. Akamwambia mpiga besi naye alegeze. Mpiga kinanda akauliza yeye alegeze nini, akaambiwa apumzike. Mpiga ngoma akatazama vijiti vyake, akaviweka chini, akaanza kupiga kwa viganja.

Mdogo wangu akafunga macho, na safari hii walimngoja. Akaimba mwanamke anavyokunja shati, akaliambia litafuliwa na mikono mingine. Akaimba anavyokunja koti, akaliuliza baridi ya huko ikoje. Nguo ya mwisho, kitambaa cha mkononi, hakukitia kwenye mzigo, akabaki nacho. Wahudumu waliokuwa wakishusha viti walisimama na viti mikononi. Wale wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu, mmoja alifungua pochi kutafuta kitambaa.

Ulipokwisha, Mwalimu alivua miwani. "Miaka ishirini napiga wimbo huu," akasema. "Watu wanaucheza, na mimi naucheza. Leo ndiyo nasikia kwamba yule mume harudi."

Walimchukua kwa wimbo mmoja tu, ule wa saa ya watu kupumzisha miguu. Msidhani alipaa kesho yake. Alipiga pasi miaka mitatu zaidi, siku za kazi kwa dobi, Jumamosi na Jumapili ukumbini. Wimbo mmoja ukawa nyimbo tatu, kisha kaseti zote kumi na moja, kisha akaanza kutunga za kwake. Watu wakaanza kuja kwa ajili ya ile saa ya kupumzika, wakifika mapema ili wapate viti vya mbele. Akarekodi, akaitwa kumbi kubwa, akapanda ndege. Jina la Dada Taratibu halikutoka tena, limeandikwa kwenye mabango, na mpiga ngoma, ambaye bado anasafiri naye, anadai heshima ya kulitunga. Siku hizi waimbaji wachanga wanapunguza mwendo kwa makusudi, na wajuzi wanaeleza redioni kwamba ni mtindo alioufanyia utafiti. Mimi nasikiliza huku natengeneza redio hiyohiyo wanayosemea.

Ya Baba bado iko sebuleni. Mkanda ule mbovu niliouharibu kwa mikono yangu unazunguka mpaka leo, na kwenye kopo nina mingine mitatu niliyoilegeza mapema, usije ukatukatikia. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna mteja atakayeiona.

Mwezi uliopita alinipigia simu akiwa studio. Nilikuwa nimefungua redio ya mtu, mwenyewe amesimama mbele yangu. Mdogo wangu akasema wenye studio wanataka kuuongeza mwendo wimbo wake mpya, kidogo tu, kwa mashine, wanasema hivyo ulivyo utawachosha watu. Akaiweka simu kwenye spika. Nikausikia wa kwao, kisha nikausikia wa kwake.

"Kaka," akasema, "ni mimi au ni wao?"

Huwa ananiuliza hivyo kila wimbo, mwaka wa kumi na saba sasa. Mara mbili nimemjibu ni yeye, na mara zote mbili amenuna wiki nzima, kisha akaubadilisha. Hajawahi kuacha kuniuliza. Nikaweka bisibisi chini, nikamwomba auweke tena wa kwake, nikausikiliza mpaka mwisho, mteja akitazama saa.

"Ni wao," nikamwambia.

Nikamsikia anageuka, anawaambia watu wa studio wauache ulivyo. Kisha akakata simu. Mteja akaniuliza huyo ni nani anayenifanya niache kazi ya watu. Nikamwambia ni mdogo wangu, kuna kitu alikuwa ananiuliza.